Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa benki: Mkopo mnaonidai sikuukopa

Wete, Pemba

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Makao Makuu ya Benki,
Dar es Salaam.

KUH: JINA LANGU KUINGIZWA KATIKA KUMBUKUMBU ZA WALIOSHINDWA KULIPA MIKOPO

Ndugu Mkurugenzi,

Assalamu alaykum. Nakusalimu kwa heshima, na kwa heshima hiyohiyo naomba unisome mpaka mwisho.

Jina la benki yako nimeliacha kwa makusudi. Barua zangu za kawaida unazo, zimegongwa muhuri wa kupokelewa katika tawi lako la hapa Pemba na namba ya akaunti imo ndani yake, kwa hiyo unajua kuwa ni wewe ninayekuandikia. Ninachokileta hadharani ni jambo lenyewe. Nimezungumza na wenzangu wa Wete, Konde na Chake Chake waliowahi kufanya kazi katika mahoteli ya Unguja, na nimegundua kuwa yaliyonipata hayakunipata peke yangu.

Sikukimbilia hadharani. Nilianza tawini, nikajaza fomu ya malalamiko, nikapiga simu huduma kwa wateja, nikaandika barua. Maandishi pekee niliyojibiwa ni mistari miwili inayosema kwamba mfumo unaonyesha nadaiwa. Lakini ninachokilalamikia ni hicho hicho kilichoandikwa na mfumo. Haiwezekani mfumo ukawa mshtakiwa na shahidi kwa pamoja.

Naeleza kwa ufupi ilivyokuwa. Mwaka 2014 niliajiriwa katika hoteli moja Kaskazini Unguja. Benki aliichagua mwajiri. Tulipangwa foleni sisi wafanyakazi wapya, tukajaza fomu, tukatoa nakala za vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, tukapewa kadi. Akaunti ilikuwa ya kupokelea mshahara, basi. Mwaka 2017 niliacha kazi nikarudi Pemba kumuuguza mama yangu. Nilitoa mshahara wangu wa mwisho, zikabaki shilingi elfu chache ambazo mashine haikuweza kuzitoa. Tangu hapo sikuweka wala sikutoa kitu katika akaunti ile.

Msimu wa karafuu uliopita nilikwenda taasisi nyingine ya fedha kuomba mkopo. Wewe uko Dar es Salaam, na huenda hujui mkopo wa aina hii ni wa nini, kwa hiyo niruhusu nikueleze. Mwenye mikarafuu yake, au aliyekodi ya Serikali, anahitaji fedha taslimu kabla hajauza hata kilo moja. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, na wanataka chao jioni ileile. Kuna wachambuaji wa kutenga karafuu na makonyo, kuna majamvi ya kuanikia, kuna gari na kuna chakula cha watu. Fedha ya mauzo inakuja mwisho kabisa, karafuu ikishakauka na kupimwa katika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambalo kwa sheria ndilo mnunuzi pekee. Na karafuu haingoji mtu. Kinachouzwa ni tumba, ua ambalo bado halijafunguka. Likichanua juu ya mti, thamani imekwenda. Kwa hiyo mkopo ukichelewa mwezi mmoja ni sawa na kukosa mkopo wa mwaka mzima.

Nilikuwa na kila kitu: barua ya sheha (kiongozi wa Serikali wa eneo letu), mkataba wa kukodi, risiti za mauzo ya msimu wa nyuma, wadhamini wawili. Afisa mikopo alipitia karatasi zangu akaridhika, kisha akatazama taarifa yangu ya mikopo, inayotokana na kumbukumbu ambazo mabenki huzipeleka Benki Kuu, na kunigeuzia skrini. Pale, mbele ya jina langu na namba yangu ya kitambulisho, paliandikwa kwamba nina ovadrafti katika benki yako, imepita siku 90 bila kulipwa, na imehesabiwa kuwa mkopo chechefu, yaani ambao mkopaji ameshindwa kuulipa. Kiasi chenyewe hakifiki shilingi laki mbili.

Nilirudishiwa karatasi zangu. Karafuu yangu nikaiuza ikiwa bado mtini, kwa mtu aliyekuwa na fedha mkononi na kwa bei aliyoipanga yeye. Hasara ile siwezi kuikadiria mbele yako bila kuonekana nazidisha, kwa hiyo naiacha. Nakuja kwenye malalamiko.

1. Mkopo huu hakuna aliyeuomba.

Ovadrafti ni mkopo. Mteja anaomba kutoa zaidi ya alichonacho, benki inampima, inakubali, inaweka kikomo, na pande mbili zinatia saini. Nionyesheni ombi langu. Nionyesheni saini yangu. Nionyesheni siku niliyopokea hata shilingi moja ya fedha zenu. Hamtaziona, kwa sababu hazikuwahi kuwapo. Kilichotokea ni kwamba ada ya kila mwezi ilimaliza zile elfu chache zilizobaki, akaunti ikafika sifuri, na badala ya kusimama hapo mfumo wenu ukaendelea kukata chini ya sifuri. Mwezi ukiingia ada, juu ya ada riba, juu ya riba faini ya kuchelewa. Fedha zote zinazoitwa deni langu mlizihamisha ninyi wenyewe kutoka hesabu yenu moja kwenda hesabu yenu nyingine. Mimi sikuzishika, sikuzila wala sikuzijua.

Ndugu Mkurugenzi, nataka ufahamu uzito wa jambo hili kwetu. Huku kwetu mtu akifa, kabla hajazikwa, ndugu yake husimama mbele ya waliohudhuria akatangaza: mwenye kumdai marehemu na ajitokeze kwa warithi. Mtoto wa Pemba anakua akilisikia tangazo hilo katika kila maziko. Kudaiwa si jambo la karatasi tu, linamfuata mtu mpaka kaburini. Ndiyo maana aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni. Inaamuru deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, na anayetamka cha kuandikwa awe ni yule anayedaiwa. Anayedaiwa, si anayedai. Ninyi mmeandika peke yenu, mmeshuhudia peke yenu, kisha mkapeleka maandishi hayo Benki Kuu na kwa kila mkopeshaji nchini, mimi nikiwa wa mwisho kujua. Na juu yake mmeweka riba, jambo ambalo mimi na watu wangu tunalikimbia maisha yetu yote. Sijapata kukopa kwa riba. Leo rekodi inasema nimekopa kwa riba na nikashindwa kulipa.

Hili ndilo linaloniuma kuliko hasara ya karafuu, na ndilo ambalo maofisa wako hawajalielewa kila ninapowaeleza. Wanadhani nabishania shilingi.

2. Akaunti ilifungwa kwangu, ikabaki wazi kwenu.

Nilipokwenda tawini kuomba taarifa ya miamala, niliambiwa akaunti imelala kwa sababu haikutumika muda mrefu, na siwezi kuweka wala kutoa mpaka nijaze fomu upya, nilete kitambulisho na barua ya sheha. Nilikubali, huo ni ulinzi wa fedha za watu. Lakini kama iliwekwa chini ya ulinzi, kwa nini makato yaliendelea kupita? Mwenye akaunti hakuweza kuingiza hata shilingi ya kuziba hilo shimo, na wakati huohuo ada na riba vilikuwa vikiingia bila kizuizi. Kama akaunti ilikuwa hai, ningepaswa kupata ujumbe kila mwezi. Kama ilikuwa imelala, ilipaswa kulala kwa pande zote mbili. Nimeuliza swali hili kwa mdomo na kwa maandishi, na sijajibiwa.

3. Hamkunitafuta.

Mnasema mlinitumia ujumbe wa simu. Namba mliyonayo ni ya mwaka 2014. Laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020 nchi nzima, na ile yangu ya zamani, ambayo nilikwishaacha kuitumia, ilikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo ujumbe wenu ulikuwa unakwenda kwenye laini iliyozimwa, na kampuni yoyote ya simu ingewaambia hivyo. Lakini fomu niliyojaza ina namba ya kaka yangu kama ndugu wa karibu, na namba hiyo inapokelewa mpaka leo. Kitambulisho changu kinaonyesha ninakotoka. Kisiwa hiki si kikubwa kiasi hicho. Mkimwandikia sheha wa shehia yangu leo asubuhi, mchana nitakuwa nimepata habari. Benki inayodai barua ya sheha ili mtu afungue akaunti ingeweza kumuuliza sheha huyohuyo kabla ya kumwandika mtu kuwa hakulipa.

4. Mnanitaka nilipe ili mnisafishe.

Tawini niliambiwa, kwa nia njema nadhani, kwamba njia rahisi ni kulipa hicho kiasi kidogo yaishe. Kijana aliyeniambia alikuwa na adabu na sina neno naye. Lakini nilipouliza rekodi itasomekaje baada ya kulipa, jibu lilikuwa kwamba itaandikwa deni limelipwa. Yaani itabaki imeandikwa kuwa nilikopa, nikashindwa, nikaandamwa, ndipo nikalipa. Huo si usafi. Nikilipa nitakuwa nimetia saini kwa mkono wangu jambo ambalo silo. Uwezo wa kulipa ninao, na sitalipa.

5. Tawi la Pemba halina la kufanya.

Kila jambo linaishia kwenye jibu moja: suala hili ni la makao makuu. Kwa mtu wa Wete makao makuu ni boti ya kwenda Unguja na boti nyingine ya kwenda Dar es Salaam, nauli na malazi, kwa deni ambalo ni dogo kuliko safari yenyewe. Wengi wanakata tamaa hapo na kulipa. Sisemi kwamba mmekusudia iwe hivyo, lakini hivyo ndivyo ilivyo.

Sasa najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimeshayasikia.

Mtasema vigezo na masharti vinaruhusu makato. Inawezekana. Vigezo hivyo vilikuwa kurasa za maandishi madogo ya Kiingereza, tuliyopewa tukiwa kwenye foleni na meneja wa hoteli akituharakisha turudi kazini. Lakini hata tukichukulia kwamba kila neno lake linanifunga, ruhusa ya kukata ada kwenye fedha zangu ni jambo moja, na kuniandika mkopaji wakati fedha zangu zimekwisha ni jambo jingine kabisa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma amweleze mteja ada na masharti kwa uwazi. Sikuelezwa.

Mtasema ningeifunga akaunti nilipoacha kazi. Mwajiri aliyetufungulia hakutuambia hivyo, benki haikutuambia hivyo, na nijuavyo mimi akaunti isiyo na fedha wala matumizi huishia kufungwa na benki yenyewe. Zile elfu chache zilizoliwa na ada siziombi zirudi. Zichukueni. Nazungumzia kilichofanyika baada ya kwisha.

Mtasema taarifa ikishatumwa haiko tena mikononi mwenu, nikamwone aliyeitunza. Nilikwenda kwa kampuni iliyotoa taarifa yangu, nikaambiwa wao wanaandika wanacholetewa na benki, na benki ndiyo yenye kurekebisha. Kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake. Mliotuma ni ninyi, na ninyi ndio wa kutuma sahihisho.

Na lile la kwamba mambo ya Zanzibar yana sheria zake, ambalo niliambiwa na mtu wa huduma kwa wateja, naomba lisirudiwe. Mabenki ni jambo la Muungano. Benki Kuu ya Tanzania ina tawi lake hapa Zanzibar. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inafika Zanzibar katika mambo ya Muungano, na inampa mtu haki ya kuona taarifa zake na kudai zisahihishwe au zifutwe zikiwa si za kweli. Haki hiyo ndiyo ninayoitumia.

Nisieleweke vibaya. Sipingi kuwapo kwa mfumo wa taarifa za mikopo. Uliwekwa na Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006, kanuni zake zikatoka mwaka 2012, na sababu zake nazijua. Zamani mtu alikopa benki hii, akaiacha na deni, akavuka barabara kwenda benki nyingine akakopa tena, na gharama ya ujanja wake ikawaangukia wakopaji waaminifu. Benki Kuu inataka mikopo chechefu isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, na ina haki kutaka hivyo. Mimi ni miongoni mwa watu ambao mfumo huu ulipaswa kuwasaidia, kwa sababu sina nyumba mjini ya kuweka rehani. Nilicho nacho ni jina. Mkulima wa karafuu, mama wa mwani, mwenye kibanda sokoni Mwanakwerekwe, Unguja, wote hao wangeweza kukopesheka kwa rekodi nzuri tu. Ndiyo maana rekodi ya uongo inatuumiza sisi zaidi ya inavyomuumiza tajiri. Tajiri ana hati ya kiwanja ya kuweka mezani.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi:

(a) Taarifa mliyopeleka kuhusu mimi iondolewe katika kanzidata ya Benki Kuu na kwa kampuni zote za taarifa za mikopo zilizoipokea. Iondolewe kwa sababu haikuwa ya kweli tangu mwanzo, si kwa sababu imelipwa wala imesamehewa. Msamaha siuombi.

(b) Nipewe taarifa kamili ya miamala ya akaunti ile, tangu ilipofunguliwa mwaka 2014, inayoonyesha kila ada, riba na faini na tarehe yake.

(c) Nipewe nakala ya ombi la ovadrafti lenye saini yangu. Kama halipo, mniandikie kwamba halipo.

(d) Taasisi iliyoninyima mkopo iandikiwe barua na benki yako ikieleza kwamba taarifa ile ilikuwa na kosa, na nakala yake nipewe. Msimu mwingine unakuja na sitaki kuanza upya kujieleza.

(e) Mzikague akaunti nyingine za mishahara zilizofunguliwa kwa wafanyakazi wa mahoteli na kisha zikalala, mkizitoa katika orodha ya mikopo zile zote zilizoingia humo kwa ada peke yake. Wengi wa wenye akaunti hizo hawajajua bado. Watajua siku watakapohitaji mkopo, kama nilivyojua mimi.

(f) Tawi la Pemba lipewe mamlaka ya kupokea na kushughulikia pingamizi za aina hii bila mteja kuvuka bahari.

Nakupa siku 14 za kazi tangu barua hii itakapopokelewa tawini. Zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko yangu rasmi katika dawati la malalamiko la Benki Kuu na katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nikiambatisha barua zote zenye mihuri yenu. Wenzangu ambao wameniruhusu nitaambatisha na za kwao.

Ukitaka kuniona ana kwa ana niko tayari, ila iwe hapa Pemba.

Wako kwa heshima,

Mteja wako wa zamani na mkulima wa karafuu,
Wete, Pemba

Nakala:
Benki Kuu ya Tanzania, Tawi la Zanzibar
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi
Meneja wa Tawi, Pemba
Sheha wa shehia yangu